Nina miaka 53 na nataka kurudi kusoma: ni wito au ni tamaa?

"Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 53, fundi cherehani, mkazi wa Wilaya ya Rungwe na mzee wa kanisa katika ushirika wetu wa Moravian. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1986, nikafaulu lakini sikuchaguliwa. Sasa watoto wamekua, na moyo unanisukuma nirudi kusoma: nifanye Mtihani wa Maarifa, kisha kidato cha nne, na ikiwezekana nisome theolojia kidogo, kwa sababu ninaongoza kipindi cha Biblia cha akina mama na mara nyingi wananiuliza mambo nisiyoyajua. Nilipolitaja jambo hili, mzee mwenzangu alinijibu kwa Maandiko kwamba ujuzi huleta majivuno na kwamba kusoma sana huuchosha mwili. Akaongeza kuwa Petro na Yohana hawakuwa na elimu, na Roho Mtakatifu aliwatosha. Mume wangu hapingi, ila anauliza ada itarudi vipi. Kijana wangu aliyeko chuo kikuu ameacha kwenda ibadani, na ninaogopa nami nisije nikapoa. Lakini kinachonivunja moyo zaidi ni kichwa changu: nasoma ukurasa usiku, asubuhi sikumbuki hata mstari. Je, wakati wangu umepita? Na nitakaaje darasa moja na watoto wa majirani zangu?"

Marahaba, mama, na Bwana asifiwe sana. Umeuliza mambo mengi kwa mkupuo mmoja, na nadhani ndivyo yanavyokujia usiku cherehani ikishanyamaza: kama jambo hili ni halali mbele za Mungu, kama kichwa bado kinaweza, kama fedha haitapotea bure, na kama watu hawatacheka. Nimefundisha watu wazima kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza katika madarasa ya kisomo na baadaye katika chuo cha Biblia, na maswali haya manne sijayaona yakitengana. Anayeuliza moja huwa ameyafunga mengine kwenye pindo la khanga. Nitaanza na Maandiko uliyojibiwa nayo, kwa kuwa mtu akishaamini kwamba Mungu hapendi jambo fulani, hakuna mbinu ya kusoma itakayomfaa.

Mzee mwenzako hakunukuu vibaya. Alichokosea ni kuishia katikati ya sura. Katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 8, Paulo anaamua ugomvi wa nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Waumini walioelewa kwamba sanamu si kitu waliila bila wasiwasi, tena mbele ya wenzao waliotoka juzi tu katika ibada hizo na ambao dhamiri zao zilikuwa bado zikiwachoma. Paulo hasemi kwamba wenye ujuzi wamekosea. Anakubaliana nao waziwazi kwamba sanamu si kitu katika ulimwengu. Anachokikemea ni ujuzi uliogeuzwa fimbo ya kumchapia ndugu aliye dhaifu. Na mstari unaofuata ule wa majivuno, ambao sijawahi kuusikia ukinukuliwa na mtu anayepinga shule, unasema kwamba mtu akidhani anajua neno, hajui bado kama impasavyo kujua. Dawa ya majivuno kwa Paulo si ujinga, bali ni kutambua kwamba hujafika, na hiyo ndiyo hali ya mtu aliyeshika daftari. Nimekutana na wenye majivuno wengi maishani mwangu, na wengi wao walikuwa wameacha kusoma zamani sana.

Kuhusu Mhubiri 12:12, mimi naupokea mstari ule kama ulivyo: kusoma sana huuchosha mwili, kweli kabisa, na aliyeandika hivyo alijua kwa sababu alikuwa amesoma. Mistari mitatu tu kabla yake tunaambiwa kwamba Mhubiri aliendelea kuwafundisha watu maarifa, akatafakari na kutunga mithali nyingi. Analoonya ni kudhani kwamba vitabu vyenyewe vina kikomo ambapo mtu atafika na kupumzika. Kwako wewe, ambaye unasoma saa nne usiku baada ya kushona mchana kutwa, mstari huo una maana nyingine iliyo rahisi zaidi, nami nitaurudia nitakapofika kwenye kichwa chako.

Nao Petro na Yohana walikuwa watu wasio na elimu kwa maana moja: hawakupitia shule za marabi. Lakini Matendo 4:13 haiishii hapo. Baraza lilistaajabu, kisha likawatambua kwamba walikuwa pamoja na Yesu, yaani likagundua shule waliyosoma. Wavuvi wale walikaa na Mwalimu wao, wakamsikiliza, wakauliza maswali mengine ya aibu, wakakosolewa mbele za watu. Roho Mtakatifu hakuja kuziba pengo la kutojifunza. Yesu anasema katika Yohana 14:26 kwamba Roho atawafundisha yote na kuwakumbusha yote aliyowaambia, na mtu hukumbushwa jambo alilokwisha kulisikia.

Hapa lugha yetu ina jambo ambalo tumelizoea hata hatulioni tena. Biblia ya Kiswahili haikutafuta neno la kigeni kuwaita wale waliomfuata Yesu. Iliwaita wanafunzi, neno lilelile tunalomwitia mtoto mwenye sare na begi. Matendo 11:26 inasema kwamba wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza hapo Antiokia, kwa hiyo jina la uanafunzi lilitangulia jina la Ukristo. Watu wa kwanza kubatizwa katika nchi zetu walijulikana hivyohivyo: Wakikuyu waliwaita athomi, Waganda waliwaita abasomi, na majina yote mawili maana yake ni wasomaji. Jirani aliyetaka kujua kama fulani ameokoka alitazama kama anakwenda kusoma. Imekuwaje basi sisi wajukuu wao tufikiri kwamba kusoma ni hatari kwa imani, mimi sijui, ingawa nina shaka kwamba mara nyingine tunayemwogopa si Mungu bali ni mama mwenye maswali kwenye kikao cha wazee.

Kwa kuwa wewe ni Mmoravian, niruhusu nikutajie mtu wa nyumbani kwako. Jan Amos Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592 huko Moravia, leo sehemu ya nchi ya Ucheki, alikuwa askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa wazao wake katika imani. Vita vya dini vilimfukuza nchini mwake. Tauni ilimchukulia mke na watoto. Na mwaka 1656, akiwa na miaka 64, mji wa Leszno huko Polandi alikokuwa akiishi ulichomwa moto pamoja na maktaba yake na kamusi aliyoifanyia kazi kwa zaidi ya miaka arobaini. Mtu huyo huyo, uhamishoni Amsterdam, aliendelea kuandika kwamba kila rika ni rika la kujifunza, kwamba maisha ya mwanadamu ni mfululizo wa shule tangu tumboni mwa mama hadi uzeeni, na kwamba shule hizo ni za wote, matajiri na maskini, wanaume na wanawake. Hakuyaandika haya ili watu wapate vyeo. Aliamini kwamba Mungu ametupa vitabu vitatu, yaani uumbaji, akili na Maandiko, na kwamba ni utovu wa shukrani kuviacha bila kuvifungua. Naye Paulo, gerezani, akijua kwamba siku zake za kuondoka zimekaribia, alimwandikia Timotheo amletee joho lake na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtu anayesubiri kuuawa anaomba nguo ya baridi na kitu cha kusoma!

Kwa hiyo swali la kama ni halali tuliache. Swali linalobaki, na ambalo Paulo angekuuliza, ni la nani atakayejengwa na ujuzi huo, kwa maana mstari uleule wa majivuno unamalizia kwamba upendo hujenga. Wewe umelijibu mwenyewe kabla hujaulizwa: una akina mama wanaokuuliza, nawe unataka kuwajibu bila kubahatisha. Hiyo si tamaa.

Sasa tuje kwenye kichwa. Unasema unasoma ukurasa usiku na asubuhi hukumbuki mstari, na umejipa hukumu kwamba ni umri. Ngoja kwanza. Mwaka 1885 Mjerumani aliyeitwa Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kupima baada ya muda gani zimemtoka. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya kile tunachojifunza mara moja hupotea ndani ya saa chache na siku ya kwanza, halafu kasi ya kusahau hupungua. Na kwamba kila unapolirudia jambo baada ya kuacha nafasi, kusahau kunapungua zaidi. Alipofanya majaribio hayo alikuwa na umri wa miaka thelathini na ushee tu. Kusahau ukurasa uliousoma mara moja si ugonjwa wa wazee, ndivyo ubongo wa kila mtu unavyofanya kazi, na wanafunzi wa kidato cha pili husahau vilevile, isipokuwa wao hawajilaumu.

Umri una mambo yake, nami sitakuficha. Baada ya miaka hamsini kasi ya kupokea jambo jipya hupungua, na inakuwa vigumu zaidi kushika mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja huku redio inalia na mjukuu anauliza. Kwa upande mwingine msamiati, uelewa wa watu na uwezo wa kuunganisha jambo jipya na lile unalolijua hubaki imara kwa miaka mingi, tena mara nyingi huongezeka. Kijana hukariri haraka kuliko wewe. Lakini yeye akisoma mfano wa mwanamke aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi, anasoma maneno, ilhali wewe unajua maana ya kufagia nyumba nzima kwa ajili ya fedha ya ada.

Jiulize jambo hili: unajua beti ngapi za nyimbo za kanisani kwa moyo? Sitashangaa zikiwa mamia. Hukuwahi kukaa usiku na kitabu cha nyimbo ukizisoma mara kumi mfululizo. Uliziimba Jumapili, ukazirudia kwenye jumuiya katikati ya wiki, ukaziimba tena msibani bila kitabu, ukakwama kwenye ubeti wa tatu, jirani akakudokeza neno la kwanza, ukaendelea. Humo ndimo zilimo kanuni zote mbili ninazozifundisha. Ya kwanza ni kurudia kwa kuacha nafasi: leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Ya pili ni kujilazimisha kutoa kichwani kabla ya kufungua kitabu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambamo kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu na kukisoma tena, na kundi jingine lilikisoma kisha likajaribu kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja wale waliojijaribu ndio waliokuwa mbele. Kusoma tena na tena hutupa raha ya kuona kwamba tunalitambua jambo, na raha hiyo hutudanganya, kwa maana kulitambua jambo likiwa mbele yako si sawa na kulikumbuka likiwa halipo.

Kwa hiyo acha kusoma ukurasa mzima saa nne usiku. Soma nusu ukurasa alfajiri, kabla nyumba haijaamka, kisha funga kitabu na umweleze mtu yeyote, hata cherehani yako, ulichosoma kwa maneno yako. Utakwama, na ni lazima ukwame, kwa sababu pale unapohangaika kukumbuka ndipo kumbukumbu inapojifunga fundo. Fungua, angalia ulichokosa, funga tena. Mchana, unapopiga pasi, jaribu mara moja zaidi. Kanisa lako lina desturi ya fungu la kila siku, iliyoanza kuchapwa huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1731; anza na hilo hilo, na Jumamosi jaribu kuandika mafungu sita ya wiki bila kuangalia. Na ulale. Usingizi ndio unaotuliza yale tuliyojifunza mchana yakae mahali pake, na anayekesha na kitabu huku macho yanafumba anakipoteza kitabu na usingizi pia, jambo ambalo Mhubiri angekuwa wa kwanza kukwambia.

Kisha kuna swali ambalo naomba usilicheke: siku hizi ni nani anayetunga uzi kwenye sindano yako? Kama unamwita mtoto akutungie, basi huenda sehemu ya tatizo lako haimo kichwani hata kidogo. Baada ya miaka arobaini lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kutazama karibu, hutokea kwa karibu kila mtu, na msomaji hutumia nguvu nyingi kuzitambua herufi hata hakuna nguvu inayobaki kwa maana. Nilipokuwa bado kijana katika ualimu, nilikuwa na mama mmoja katika darasa la jioni ambaye kwa miezi miwili nilimhesabu kuwa mzito wa kuelewa, nikawa simuulizi maswali ili nisimwaibishe. Jioni moja nilimwona akiusogeza mkono wake mbali na taa ya chemli, kitabu kikiwa kwenye ncha ya vidole, shingo imerudi nyuma. Nilimwazima miwani ya kusomea ya mwalimu mwenzangu, akasoma aya nzima bila kusita, darasa likanyamaza. Bado naona haya kwa miezi ile miwili. Nenda kliniki ya macho kabla hujalipa ada yoyote.

Na kama kusahau kwako ni kwa aina nyingine, usikae nako nyumbani. Ukijikuta unapotea njia uliyoizoea, unauliza jambo lilelile mara kadhaa kwa saa moja, unasahau majina ya watu wa nyumbani kwako, au unashindwa kufuata hatua za kazi uliyoifanya miaka yote, kama vile kukata kola, hayo ni ya daktari. Vilevile kama usingizi umekukimbia kwa wiki nyingi, au huzuni imekaa moyoni hata kushona hakukupi furaha, mweleze daktari. Ukomo wa hedhi, shinikizo la damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo na sonona vyote vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na vingi kati ya hivyo vinatibika. Maombi ya ushirika ni mema, nayo hayakatazi kupima damu.

Sasa mume wako, ambaye swali lake ni la haki. Yesu mwenyewe alisema kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Nitakuwa mkweli: matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45, na mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, kwa hiyo cheti cha kidato cha nne utakachokipata ukiwa na miaka 55 au zaidi hakitarudi nyumbani kama mshahara. Anayekuahidi hivyo anataka ada yako. Kama lengo lilikuwa ajira, ningekushauri ununue mashine ya pili. Lakini hukutaja ajira popote katika barua yako.

Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa kwa kifupi QT, husimamiwa na Baraza la Mitihani, na anayeufaulu anaweza kujisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Unaweza kujiandaa katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975 na ambayo ina wakufunzi mikoani, au katika vituo binafsi ambavyo ubora wake unatofautiana mno. Kikwazo chako kikubwa hakitakuwa umri bali Kiingereza, kwa kuwa karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili hutahiniwa kwa lugha hiyo, nawe umekaa mbali nayo tangu 1986. Jipe miezi sita ya Kiingereza peke yake kabla ya kujisajili. Kituo kikikwambia kina njia ya cheti bila mtihani, toka nje na usirudi. Hayo hayo ningeyasema kwa wachungaji wanaonunua udaktari wa heshima kwa mafungu, lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Njia ya pili ni elimu ya theolojia kwa enezi. Mfumo huo ulianzia Guatemala mwaka 1963, katika seminari ya Kipresbiteri iliyoona kwamba viongozi halisi wa makanisa ya vijijini, watu wazima wenye mashamba na familia, hawawezi kuviacha ili wakakae bwenini; kwa hiyo badala ya kuwaleta shuleni, shule ikawafuata. Mwanafunzi hujisomea nyumbani, kisha hukutana na mwalimu na wenzake kwa vipindi vilivyopangwa kujadili walichosoma. Waulize mchungaji wako na ofisi ya jimbo lenu kozi gani ipo kwa sasa na kwa lugha gani, kwa maana nyingi hutolewa kwa Kiswahili.

Ukiniuliza ningechagua ipi kwa nafasi yako, ningeanza na hii ya pili. Akina mama wako hawakuulizi kuhusu tindikali na besi. Wanakuuliza Melkizedeki ni nani na kwa nini zaburi nyingine zinalaani. Kidato cha nne hakitajibu hayo, ingawa utakihitaji siku ukitaka kuendelea hadi stashahada, kwani vyuo kwa kawaida hukidai. Lakini pia naelewa kwamba kuna jeraha la 1986. Mtoto aliyefaulu na kuachwa kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache mno anaweza kubeba jambo hilo miaka arobaini, na kutaka kulifunga si ubatili. Fanya yote mawili kama utaweza, moja baada ya jingine, kwa fedha ya akiba. Usikope VICOBA kwa ajili ya ada.

Kijana wako amenigusa. Wapo wanaopoa wakisoma, ni kweli. Ninavyowaona mimi, wengi hawakunyang'anywa imani na kitabu. Walifika chuoni na imani waliyoshonewa wakati wa kipaimara, hakuna aliyefungua pindo lake tangu siku hiyo, na mwili ukakua ukaizidi. Wewe fundi unajua gauni la namna hiyo linavyochanika kwenye bega siku mtu anaponyanyua mkono. Katika Biolojia utakutana na mageuzi ya viumbe, na Wakristo wanyofu hawakubaliani jinsi ya kuyasoma pamoja na Mwanzo; jibu mtihani kwa yale ambayo somo linafundisha, na maswali yanayobaki uyapeleke kwa mchungaji bila kuogopa. Danieli alijifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, na Musa hekima yote ya Wamisri, nao hawakuacha kuomba. Kwa kijana, usiende na hoja. Mwambie unarudi kusoma na unahitaji mtu wa kukusahihishia Kiingereza kwa simu kila Jumapili jioni. Mtakuwa na sababu ya kuongea, na siku moja aya mtakayoisoma itakuwa ya Biblia.

Imebaki aibu ya darasani. Mwaka 2004 Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na kaptula na soksi ndefu, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Wewe hutavaa kaptula, na watahiniwa wengi wa Mtihani wa Maarifa ni watu wazima. Hata hivyo tuseme ameketi karibu nawe binti wa jirani, na ubaoni imeandikwa y = 3x + 2, nawe unahisi jasho. Mteja anapokuletea kitambaa cha sketi ya shule ya marinda kamili, kiuno chake ni inchi 28, unafanya nini? Unazidisha mara tatu kwa ajili ya marinda, unapata 84, unaongeza inchi mbili za mshono, unakata 86. Ile x ni kiuno cha mteja na ile y ni kitambaa. Umekuwa ukiikokotoa kwa futi shingoni tangu kabla binti huyo hajazaliwa, na huenda ndiye aliyevaa sketi yenyewe. Yeye akuonyeshe jinsi ya kuiandika. Nawe, akikuuliza ile tatu imetoka wapi, mkunjie rinda moja kwenye karatasi aone.